Asidi ya laktiki na wenzake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mazoezi na seli za misuli

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wakimbiaji, wanyanyua vyuma, makocha wa shule na wanafunzi wa baiolojia. Anza popote, pale jibu moja linapotegemea jingine, namba ya swali imetajwa. Mengi yanahusu asidi ya laktiki, kwa sababu ndiyo inayobebeshwa lawama zote. Ina wenzake, na baadhi yao wana makosa kuliko yeye.

## Mambo ya msingi

1. Metaboliti ni nini, na zipi zinahusika na mazoezi?

Kila seli hai hugeuza kemikali moja kuwa nyingine bila kupumzika, ili ipate nguvu, ijijenge na iondoe visivyohitajika. Kazi hiyo yote huitwa umetaboli, na molekuli ndogo ndogo zinazoingia, kupita na kutoka humo ndizo metaboliti. Sukari ya damu ni metaboliti. Amonia pia.

Ukianza kukimbia, viwango vya molekuli nyingi sana hubadilika ndani ya msuli na katika damu. Zinazotajwa zaidi ni lakteti (asidi ya laktiki iliyoachia hidrojeni yake, namba 3), ayoni za hidrojeni (hizi ndizo zinazoleta uasidi), fosfeti huru, AMP (hutokana na ATP iliyotumika, namba 2 na 12), amonia na saksineti. Potasiamu haimo kwenye kundi hili kwa maana kamili, kwa kuwa seli haiitengenezi. Inavuja tu kutoka ndani kwenda nje. Lakini huwezi kuzungumzia uchovu ukaiacha, hivyo utakutana nayo hapa.

2. Zinatoka wapi ndani ya seli?

Msuli hujikunja kwa kutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na akiba yake ni ndogo mno: katika mbio za kasi kabisa ingetosha sekunde mbili tatu. Kwa hiyo seli hutengeneza nyingine papo hapo, kwa njia tatu. Ya kwanza ni kreatini fosfeti, ambayo huipa ADP (ATP iliyopoteza fosfeti moja) fosfeti yake na kuirudisha kuwa ATP. Njia hii hutawala sekunde kumi hivi za mwanzo, na kadiri akiba hiyo inavyotumika, fosfeti huru huzidi kurundikana ndani ya seli. Ya pili ni kuvunja glukosi na glaikojeni (akiba ya glukosi ndani ya msuli) hadi piruveti. Piruveti ikizidi uwezo wa mitokondria kuipokea, kimeng'enya kiitwacho LDH huigeuza kuwa lakteti. Ya tatu ni mitokondria zenyewe, zinazochoma wanga na mafuta kwa oksijeni: polepole, lakini kwa muda mrefu.

Watu hudhani njia hizi hupokezana zamu. Zote hufanya kazi pamoja tangu hatua ya kwanza, kinachobadilika ni mchango wa kila moja. Ndiyo maana hata ukiwa umekaa kitini damu yako ina lakteti, kwa kawaida kati ya milimoli 0.5 na 2 kwa lita. Mkimbiaji wa mita 400 au 800 akimaliza kwa nguvu zake zote anaweza kuvuka 20.

3. Niseme asidi ya laktiki au lakteti?

Mtaani sema upendavyo, utaeleweka. Kwa kemia, kilichomo mwilini ni lakteti: asidi ya laktiki huachia hidrojeni yake kwa urahisi, na hata katika msuli uliochoka kabisa, ambako pH (kipimo cha uasidi, ikishuka uasidi umepanda) hushuka hadi karibu 6.5, zaidi ya asilimia 99 yake imeshaachana na hidrojeni hiyo. Inafaa kuvitenganisha viwili hivi kichwani, kwa sababu lakteti na uasidi havifanyi kazi moja, na mara nyingi cha kwanza huadhibiwa kwa kosa la cha pili.

4. Je, lakteti ni uchafu ambao mwili unatakiwa kuutoa?

Hapana. Ni kama mkaa: kuni imeshaungua nusu, lakini moto mwingi bado umo ndani. Piruveti ikigeuzwa lakteti, sehemu kubwa ya nishati ya glukosi haijaguswa bado.

Lakteti hutoka kwenye seli kupitia protini za kusafirisha ziitwazo MCT. MCT4 imejaa zaidi katika nyuzi za msuli (seli zake ndefu) za kasi zinazotengeneza lakteti nyingi, na MCT1 katika nyuzi za uvumilivu na katika moyo, ambako lakteti huingizwa na kuchomwa kama mafuta ya taa kwenye jiko lolote lililo tayari. Kila molekuli ya lakteti inayopita husindikizwa na ayoni moja ya hidrojeni, kwa hiyo kuitoa lakteti husaidia pia kupunguza uasidi. Inayobaki huenda kwenye ini na kurudishwa kuwa glukosi. Mzunguko huo ulielezwa na Carl na Gerty Cori, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Wazo la kwamba nyuzi na viungo hugawiana lakteti kama chakula lilijengwa na George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1980. Alipingwa sana mwanzoni.

Ubongo nao hula lakteti, hasa damu inapokuwa nayo nyingi.

## Kuungua, kuchoka na maumivu

5. Basi kinachounguza mapaja katika marudio ya mwisho ni nini?

Jibu zuri zaidi limetokana na jaribio dogo kwa watu, lililochapishwa mwaka 2014. Watafiti walichoma sindano kwenye msuli mdogo wa kidole gumba cha watu waliojitolea, wakiingiza lakteti peke yake, uasidi peke yake, au ATP peke yake, kwa viwango vinavyoonekana katika mazoezi. Hakuna kilichohisiwa cha maana. Walipochanganya vyote vitatu, watu wakasema gumba limechoka na ni zito, ingawa lilikuwa halijafanya kazi yoyote. Viwango vilipopandishwa zaidi, maumivu yakaanza.

Kwa hiyo lakteti inashiriki, lakini kwa kushirikiana. Neva zilizoko ndani ya msuli zinasikiliza mchanganyiko, na mchanganyiko huo ndio unaosomwa na ubongo kama kuungua. Binafsi naliona jaribio hili kuwa la thamani kuliko maelfu ya kurasa za nadharia, kwa sababu liliuliza watu wenyewe.

6. Kama laktiki si mkosaji mkuu, kwa nini msuli unakataa?

Kwanza fosfeti huru. Kreatini fosfeti inapoisha, fosfeti ndani ya seli hupanda kutoka milimoli chache hadi 20 kwa lita au zaidi. Hapo hufanya madhara mawili. Huzifanya protini za myosini na aktini, zile zinazovutana ili msuli ujikunje, zishikane kwa nguvu pungufu. Na huingia kwenye ghala la kalsiamu la seli, ikaungana na kalsiamu na kuganda, hivyo kila amri ya neva inatoa kalsiamu kidogo kuliko ya mwanzo. Bila kalsiamu hakuna kujikunja.

Pili potasiamu. Kila msuli unapopokea amri, potasiamu kidogo hutoka nje ya seli. Ukirudia mara nyingi kwa kasi, kiwango cha nje hupanda kutoka milimoli 4 hivi hadi mara mbili yake na kuendelea, na utando wa seli unakuwa mgumu kuamshwa. Hapa kuna kioja: mwaka 2001 watafiti wa Denmark waliiweka misuli ya panya katika potasiamu nyingi hadi ikapoteza nguvu, kisha wakaongeza asidi ya laktiki. Nguvu ikarudi kwa kiasi kikubwa. Mtuhumiwa alikutwa akisaidia.

Tatu uasidi wenyewe. Ubishi juu yake haujaisha. Majaribio mengi yaliyoutia hatiani yalifanywa kwenye nyuzi zilizopozwa kwa baridi. Zilipopashwa hadi karibu na joto la mwili, athari ilipungua sana. Lakini uasidi ukiwekwa pamoja na fosfeti, nguvu hushuka tena hata kwenye joto. Kwa maoni yangu kuufutia mashtaka kabisa ni haraka mno.

Nne ubongo na uti wa mgongo hupunguza amri. Hilo ni somo la ukurasa mwingine.

7. Mbona vitabu vya shule vinasema laktiki ndiyo inayochosha?

Kwa sababu wazo hilo ni la zamani na lilianza vizuri. Carl Wilhelm Scheele aliipata asidi hii katika maziwa yaliyoganda mwaka 1780. Jöns Jacob Berzelius akaikuta katika misuli ya paa dume waliowindwa, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mwaka 1907 Fletcher na Hopkins wa Cambridge walionyesha kwamba misuli ya chura iliyosisimuliwa hadi ichoke bila oksijeni hujaa laktiki, na ikipewa oksijeni laktiki hupungua. Hill na Meyerhof wakaendeleza hapo na kupewa Nobel ya mwaka 1922.

Tatizo: msuli wa chura uliokatwa hauna damu inayoingia wala kutoka, hivyo lakteti haina pa kwenda. Kuonekana pamoja na uchovu kukachukuliwa kuwa ndiyo chanzo cha uchovu.

8. Maumivu ya kesho na keshokutwa je? Si laktiki iliyobaki?

La. Ukiacha mazoezi, lakteti ya damu hurudi karibu na kawaida ndani ya saa moja hivi, wakati maumivu haya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Kuteremka mlima ndiyo ushahidi mzuri zaidi: ukikimbia mteremko, lakteti hupanda kidogo kuliko kwenye tambarare, lakini kesho yake ndiyo unashuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Mwaka 1983 jambo hilo lilipimwa maabara na likathibitishwa.

Kinachouma ni nyuzi zilizopata michubuko midogo kwa kubeba uzito huku zikirefuka, pamoja na askari wa kinga wanaokuja kusafisha na kukarabati.

9. Masaji au maji ya barafu huondoa laktiki?

Haisubiri kuondolewa (namba 8). Ukitaka ishuke haraka zaidi kati ya raundi mbili za mashindano, kimbia taratibu au tembea kwa kasi. Misuli inayofanya kazi nyepesi inaichoma. Masaji inaweza kukupa nafuu ya hisia, na hiyo ni sababu tosha ya kuipenda.

10. Kuungua ni dalili kwamba mafuta yanayeyuka?

Swali la jimu hili, na makocha wengine hulijibu vibaya: "Ikiungua ujue nyama uzembe zinaondoka." Ukweli uko karibu na kinyume chake. Kuungua hutokea pale msuli unapotegemea zaidi wanga, na lakteti ikiwa nyingi hupunguza kasi ya seli za mafuta kuachia akiba yake kwa wakati huo. Kupungua unene kunategemea hesabu ya siku na wiki. Kuungua kwa sekunde arobaini za kukaza tumbo hakuandiki chochote kwenye hesabu hiyo.

11. Na msuli kubana ghafla usiku au uwanjani?

Huo ni mshtuko wa neva na msuli kuwasiliana kupita kiasi, hasa ukiwa umechoka. Vuta msuli taratibu. Lakteti haimo.

## Metaboliti kama ujumbe

12. Nasikia metaboliti "zinaongea" na seli. Zinasema nini?

AMP ndiyo ya zamani zaidi kueleweka. ATP ikitumika kwa kasi, AMP huongezeka na kuamsha kimeng'enya cha AMPK, kipima akiba cha seli. AMPK hufungua mlango wa glukosi (protini ya GLUT4 husogezwa kwenye utando) bila kuhitaji insulini, na baada ya mazoezi mengi husaidia seli kujenga mitokondria zaidi. Hii ni mojawapo ya sababu za daktari kumsisitiza mwenye kisukari cha aina ya pili atembee: msuli unaojikunja huchukua sukari hata insulini inapopuuzwa.

Saksineti kwa kawaida hukaa ndani ya mitokondria. Mwaka 2020 ilionyeshwa, kwa panya na kwa watu, kwamba msuli unapokuwa na uasidi saksineti hubadilika umbo na kuweza kupenya nje kupitia MCT, kisha hupokelewa na seli jirani ambazo si za msuli. Hapo uasidi unakuwa ufunguo.

Lakteti huungana na amino asidi ya fenilalanini na kutengeneza Lac-Phe. Mwaka 2022 iliripotiwa kwamba hupanda sana baada ya mazoezi makali kwa panya, farasi wa mashindano na watu. Panya wanene waliodungwa walikula karibu nusu ya kawaida kwa saa 12. Huenda ndiyo sababu mojawapo ya mtu kutotamani chakula mara tu baada ya mbio kali. Kwa binadamu bado ni mapema kuiita dawa, na anayekuuzia kwenye chupa mkimbie.

13. Je, lakteti hujenga misuli?

Dhana inavutia. Mazoezi ya uzito mdogo, asilimia 20 hadi 30 ya uwezo wako, ukiwa umefunga mkanda wa kubana damu kwenye paja au mkono, hukuza msuli kuliko uzito huohuo bila mkanda, na metaboliti hurundikana sana. Wengi wakahitimisha kwamba mrundikano ndio unaojenga.

Katika seli zinazokuzwa maabara matokeo yanakinzana: kuna majaribio yaliyoona lakteti ikichochea seli changa za msuli kukua, na mengine yaliyoona ikizichelewesha kukomaa. Kwa watu, jaribio la mwaka 2020 liliingiza lakteti kwenye mshipa wa vijana waliokuwa wakifanya mazoezi ya vyuma, na utengenezaji wa protini ya msuli haukuongezeka kuliko walipopewa maji ya chumvi. Mzigo unaouvuta msuli ndio unaoongoza. Metaboliti huenda zinasaidia kwa njia ya pembeni: zinachosha nyuzi ndogo mapema, na nyuzi kubwa zikalazimika kuitwa kazini.

14. Hizo seli za maabara hupatikanaje, na niziamini kiasi gani?

Kwa sindano nene iliyoanza kutumiwa na Jonas Bergström wa Sweden katika miaka ya 1960, kipande kidogo cha msuli wa paja hutolewa chini ya ganzi. Kutoka humo hupatikana seli za akiba zilizolala pembeni ya nyuzi. Zikilishwa vizuri huzaliana. Lishe ikipunguzwa, huungana na kuwa vijiti virefu vyenye viini vingi, vinavyofanana na nyuzi changa. Kisha lakteti au kitu kingine humiminwa na mtafiti hupima jeni na protini zilizoamka.

Faida yake ni kwamba ni seli za binadamu, na unaweza kubadilisha kitu kimoja tu. Lakini kabla ya kuamini kichwa cha habari, uliza mambo haya. Ni seli za mtu au za panya (C2C12 ni za panya)? Lakteti iliwekwa kama chumvi ya sodiamu au kama asidi? Ikiwa ni asidi, pH ilidhibitiwa? Ilikaa muda gani? Nyingi huachwa katika milimoli 10 hadi 20 kwa siku nzima au mbili, hali ambayo mkimbiaji huipata kwa dakika chache tu. Tena mchuzi wa kulelea seli mara nyingi una glukosi ya milimoli 25 kwa lita, mara tano ya damu ya mtu mwenye afya, na seli humo hutengeneza lakteti zenyewe kabla hujaongeza tone. Hazina neva, hazina mshipa wa damu, hazivuti chochote, isipokuwa zikisisimuliwa kwa umeme.

Seli za sahani zinaonyesha kinachowezekana. Kinachotokea kwako uwanjani kinahitaji kupimwa uwanjani.

## Kwenye mazoezi yenyewe

15. Kizingiti cha lakteti ni nini?

Ni kasi ambayo ukiipita, lakteti huanza kupanda haraka kuliko inavyochomwa. Makocha wengi hutumia milimoli 4 kwa lita kama alama. Ni wastani wa watu. Kizingiti chako kinaweza kuwa 3 au 5. Bila kipimo, jaribu kuongea: kasi ambayo unaweza kutoa maneno machache tu kwa pumzi moja iko jirani na hapo. Mazoezi huongeza mitokondria, mishipa midogo na MCT, na kizingiti husogea kwenye kasi kubwa zaidi.

16. Wakenya wana laktiki ndogo kwa asili?

Mwaka 1995 kundi la mtafiti wa mazoezi Bengt Saltin lilichapisha vipimo vya wakimbiaji wa Kenya na wa Scandinavia. Katika kasi zinazolingana, Wakenya walikuwa na lakteti na amonia kidogo zaidi. Kwamba ni damu ya kurithi ni hatua ambayo vipimo hivyo haviruhusu kuirukia: mtu aliyekulia kwenye mwinuko wa mita 2,400 kama Iten, akatembea na kukimbia tangu utotoni, ana misuli iliyofundishwa kuichoma lakteti (namba 4 na 15).

17. Bekingi soda, beta-alanini na kreatini husaidia?

Baikaboneti ya sodiamu hufanya kazi kwa mashindano makali ya dakika moja hadi kumi hivi. Huongeza uwezo wa damu kupokea hidrojeni, ili itoke haraka kwenye msuli. Kipimo kilichochunguzwa ni gramu 0.2 hadi 0.3 kwa kilo ya uzito, saa moja hadi tatu kabla. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni hadi gramu 18, na tumbo linaweza kukuaibisha mbele ya mashabiki. Jaribu mazoezini kwanza. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asiguse bila daktari. Bekingi pauda ni kitu kingine, na magadi ya kuchemshia maharage pia. Usivichanganye.

Beta-alanini huongeza kanosini, kizuia uasidi kilicho ndani ya seli, kwa gramu 3.2 hadi 6.4 kwa siku kwa wiki nne au zaidi. Ngozi huwasha kidogo. Kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, huongeza akiba ya kreatini fosfeti.

## Hali zisizo za kawaida

18. Kuna mtu asiyetengeneza lakteti?

Wapo. Mwaka 1951 daktari Brian McArdle wa London alimweleza mgonjwa ambaye lakteti yake haikupanda alipofanya mazoezi. Wenye ugonjwa huo hawana kimeng'enya cha kuvunja glaikojeni ya msuli. Kama lakteti ndiyo ingekuwa chanzo cha uchovu, wangekuwa mabingwa. Badala yake huchoka na kuumwa dakika za mwanzo kabisa. Wakiendelea kutembea taratibu kwa dakika kumi hivi, damu huleta glukosi na mafuta, na hali hupoa.

19. Hospitalini nimeambiwa lakteti iko juu. Nilifanya mazoezi kupita kiasi?

Mazoezi hayafanani na hilo. Kwa mkimbiaji chanzo hukoma akisimama. Kwa mgonjwa lakteti hupanda kwa sababu damu haifiki kwenye tishu, ini halifanyi kazi, au kuna maambukizi makali. Katika malaria kali vimelea vyenyewe hutengeneza lakteti, na chembe zilizoambukizwa huziba mishipa midogo. Shirika la Afya Duniani huchukulia lakteti ya milimoli 5 kwa lita au zaidi kuwa mojawapo ya alama za malaria kali. Namba ileile inayomfurahisha kocha inaweza kumtisha daktari, na ana haki.

20. Baada ya mazoezi mazito mkojo umekuwa mweusi. Ni laktiki inatoka?

Acha kusoma, nenda hospitali. Mkojo wa rangi ya kola au chai ya rangi, pamoja na misuli iliyovimba na kulegea, ni dalili kwamba seli za msuli zimepasuka na myoglobini, protini ya ndani ya msuli, imemwagika kwenye damu, nayo huumiza figo. Hutokea zaidi kwa anayerudi mazoezini kwa pupa baada ya muda mrefu, kwenye joto kali, na hatari huongezeka kwa mwenye kurithi selimundu kwa mzazi mmoja, hata kama hajawahi kuugua. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni njiani. Zinaongeza mzigo kwa figo. Mweleze daktari ulifanya zoezi gani na lini, na uombe kipimo cha CK (kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye msuli ulioumia) na cha figo.